Kusoma Kabla ya Kupakua

Jioni moja huko Minago, kando ya Ziwa Tanganyika, bibi mmoja aliketi mbele ya kompyuta akingoja kuuona uso wa mumewe aliyelazwa Kigoma. Mjukuu alikuwa amekwisha kupakua programu ya mkutano wa video, lakini ilikataa kuingia. Akikosea tena, kifurushi cha intaneti kisingebaki cha kuzungumzia. Kijana akatulia, akalisoma jina la faili: lilikuwa la rpm, lifaalo Fedora, kompyuta yao hutumia Ubuntu, jina ambalo kwa Kirundi ni utu, nayo hutaka deb. Akapakua lililo sahihi, akalisakinisha kwa amri ya apt, ambayo huleta pia sehemu nyingine zinazohitajika. Babu alipotokea, bibi alisema tu, "Umekonda."