Kasha Chini ya Mwerezi

Kamba ya kiatu ndiyo iliyoniponza. Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, nimetoka zamu ya usiku katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, na badala ya kwenda kulala nikapitia Forest Park, msitu wa zaidi ya hekta 2,000 ulio ndani ya mipaka ya jiji la Portland. Mtu aliyekulia Muheza hazoei upesi mji wenye msitu wa kutembea tu, ambao hakuna anayetoka humo na kuni kichwani. Nikainama kufunga kamba. Kando ya mwerezi mmoja mkubwa, kwenye uwazi wa mizizi, niliona vijiti vimelazwa sambamba, kimoja kando ya kingine, kama chanja ya kuanikia vyombo. Msitu haupangi vijiti.

Chini ya vijiti palikuwa na kasha la chuma, la rangi ya kijani cha jeshi. Mawazo mawili yakanijia, kwa mpangilio wa umri wangu. La kwanza lilikuwa la mtoto wa Muheza: fingo. Kwa asiyetoka kwetu, fingo ni kago linalozikwa ardhini, shambani au mbele ya mlango, kulinda mali au kumfunga mtu. Ukilikuta kwa bahati mbaya unarudi kinyumenyume na kumwita anayejua. Kulifungua wewe mwenyewe, hapana. La pili lilikuwa la mtu mzima mwenye miaka kumi na minne Marekani: hili ni kasha la risasi, na aliyeliinamia ni mwanamume mweusi mwenye kofia ya sufu iliyoshuka hadi kwenye nyusi. Hapo woga wa kasha uliniisha, nikaanza kujiogopea mwenyewe. Nikatazama njiani. Mama mmoja alikuwa akipita na mbwa wake. Alinitazama, akatazama kasha, akatabasamu kama mtu tuliyekula naye njama. "Umelipata!" akasema, akaenda zake.

Nikalifungua. Ndani mlikuwa na daftari lililofungwa kwenye mfuko wa plastiki, penseli fupi, gololi tatu, kigari cha kuchezea, sarafu ya Kanada, kombe la baharini, na tembo mdogo wa plastiki aliyefungwa kibati cha chuma kama vile wanavyovaa askari shingoni, kikiwa na namba. Juu ya vyote kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya watu kama mimi. Ilinipongeza kwa kulipata, iwe nilikuwa nalitafuta au la, ikaniomba nisilihamishe, niandike jina langu daftarini, na nikitwaa kitu niache kitu.

Baadaye nikajifunza kwamba mchezo huu unaitwa geocaching. Nusu ya kwanza ya jina ni Kigiriki cha dunia, nusu ya pili inatoka kwenye Kifaransa cha kuficha. Sisi tuliochukua neno kasha kwa Wareno zamani tungeweza kuuita jiokasha na mambo yakaisha. Mtu anaficha kasha, anachukua vipimo vya mahali hapo kwa GPS, anavitangaza kwenye intaneti, na wengine wanakwenda kulitafuta. Makasha yaliyofichwa hivyo duniani sasa yamepita milioni 3. Yapo katika kila bara, Antaktika ikiwemo, na mwaka 2008 msafiri mmoja, Richard Garriott, aliacha lake kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga.

Chimbuko lake liko karibu kabisa na kwangu. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikiharibu kwa makusudi ishara za setilaiti zake za GPS kwa watumiaji wa kiraia, hivi kwamba kifaa kingeweza kukukosesha mahali kwa mita 100. Rais Clinton akaamuru uharibifu huo ukome, na usiku mmoja tu mita 100 zikawa kama 10 au 20. Siku moja baada ya hapo, tarehe 3 Mei, mtaalamu wa kompyuta Dave Ulmer alichukua ndoo nyeusi akaifukia nusu kwenye pori la Beavercreek, kusini mwa Portland, kisha akatangaza vipimo vyake: nyuzi 45 na dakika 17 Kaskazini, nyuzi 122 na dakika 24 Magharibi, na desimali zake. Humo alitia daftari, penseli, vitabu, programu za kompyuta, pesa kidogo, manati na mkebe wa maharage. Haikupita wiki, ndoo ilikuwa imeshapatikana.

Hayo maharage yananichekesha kila nikiyakumbuka. Siku hizi chakula ni marufuku makashani, maana wanyama hunusa wakabomoa. Lakini mtu wa kwanza kabisa, alipofikiri amwachie nini mgeni asiyemjua, alimwachia maharage. Mama yangu angemwelewa huyo bwana bila mkalimani.

Wachezaji wana jina la mtu anayejikwaa kwenye kasha bila kulitafuta. Wanamwita muggle, neno walilolitoa kwenye hadithi za Harry Potter, kwa maana ya asiyejua uchawi. Nilicheka peke yangu. Mimi niliyedhani nimekuta uchawi ndiye niliyekuwa naitwa asiyeujua. Na muggle ni tatizo kwao kweli: wengine huondoka na kasha, wengine huita polisi. Julai 2011, katika mji wa Wetherby, Uingereza, mtu alionekana akishikashika kitu nje ya mkahawa, watu wakaondolewa mtaani, na wataalamu wa mabomu wa jeshi wakakilipua. Lilikuwa kasha la plastiki, la mchezo. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka yule mama wa mbwa nikamwombea dua. Angeweza kuniona kwa jicho jingine, na mimi nisingekuwa na neno la kujitetea zaidi ya kamba ya kiatu.

Nikitwaa kitu niache kitu. Sharti hilo halikuhitaji kufasiriwa kwangu. Nyumbani, bakuli la jirani lililokuja na futari halirudi tupu. Hata kama huna kitu, unatia ndimu mbili. Nikapekua mifuko. Ndani ya koti mlikuwa na sarafu ya shilingi 500, ile yenye picha ya nyati, iliyosalia tangu safari ya mwisho. Nikaiacha. Nikaandika jina langu na neno Muheza. Nikamchukua tembo.

Kumbe tembo si wa kuchukua. Ni wa kupeleka. Vitu vyenye kibati cha namba ni wasafiri. Mwenye kukisajili kitu chake hukipa safari, kila anayekibeba huandika namba na mahali alipokiacha, na mwenyewe huko aliko anaona mstari ukitambaa kwenye ramani. Huyu wangu ombi lake lilikuwa moja: afike Afrika, kwa tembo wenzake. Alikuwa amezunguka miaka mitatu kati ya Oregon na Washington. Nilitazama ratiba yangu ya likizo nikaona nimeshikwa.

Basi Desemba tembo akapanda ndege. Zaidi ya kilomita 15,000 kwa mstari wa ramani, na siku mbili kwa mstari wa mashirika ya ndege. Muheza nikampigia mama ili amwelekeze kijana wa bodaboda, kwa sababu wamefungua barabara mpya nami nimepotea kwetu. Mama akamwambia, "Njoo mpaka pale palipokuwa na mwembe, ukunje mkono wa kushoto, ukiona nyumba ya marehemu fundi umefika." Mwembe ulikatwa nikiwa darasa la sita. Fundi alifariki kabla kijana huyo hajazaliwa. Tulifika bila kukosea hata kona moja. Kwenye ukuta wa mama kuna kibao cha namba kilichopigwa wakati wa operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, na mtaani kuna nguzo yenye jina. Nilimuuliza kijana kama anavitumia. Akaniuliza, vya nini?

Simu yangu haikunionyesha kasha lolote ambalo ningelifikia kwa miguu kutoka kwa mama. Nikasema nitafanya langu. Nilikuwa na boksi zuri la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na nilishachagua mahali: nyuma ya nyumba, chini ya mchungwa wa zamani, kando ya njia wanayopita watu wa shamba.

"Unazika nini hapo, baba?" Mama alikuwa amesimama mlangoni, kanga moja kiunoni, moja begani.

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, maana ni mtu wa adabu, kisha akasema, "Mwanangu, umetoka Marekani juzi. Leo umeonekana unachimba chini ya mchungwa wangu. Kesho nitaishije na watu hawa?"

Alikuwa na haki. Fingo ni nusu tu ya shida. Nusu nyingine ni Wajerumani. Mkoa wa Tanga mzima, kuanzia Lushoto mpaka pwani, kila familia ina mjomba aliyewahi kuchimba mali ya Wajerumani. Wanasema wakati wa vita vya kwanza walizika dhahabu kabla ya kukimbia, wakaweka alama kwenye mawe. Punje ya ukweli ipo: mwaka 1916, wakiwa wamezingirwa na fedha zimewaishia, walipiga kule Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Kilichobaki ni ndoto, na ndoto hiyo imeng'oa misingi ya nyumba nyingi za zamani. Mtu mwenye simu inayosoma setilaiti, anayepiga hatua na kuhesabu chini ya mchungwa, akifukia kasha lenye tembo ndani? Kabla sijafika Dar es Salaam huo mchungwa ungekuwa shimo.

Halafu nikasoma masharti ya mchezo vizuri, nikakutana na kifungu ambacho mama hakukijua ila alikuwa amekitabiri. Kwa kawaida hairuhusiwi kuficha kasha mahali ulipokwenda likizo tu. Kabla ya kukubaliwa, kila kasha hupitiwa na mtu wa kujitolea, na swali lake kwa mwenye kasha aliye mbali ni hilohilo: nani atalitunza? Nani atabadilisha daftari likilowa, nani atakwenda kutazama wakisema limepotea?

Nilikaa na swali hilo barazani muda mrefu kuliko lilivyostahili mchezo wa watoto. Kwa sababu nina kasha jingine, la vyumba vitatu, mtaa wa pili kutoka kwa mama, lisilo na mabati. Tangu 2017 natuma fedha za tofali na saruji. Natumiwa picha. Kwenye picha ukuta umefika kwenye lenta; nikifika mwenyewe umefika kwenye madirisha, na anayesimamia ana maelezo, na maelezo yenyewe yanaanza na ugonjwa wa mtu ninayempenda. Sina ugomvi naye. Yeye yupo, mimi sipo, na anayekuwepo ndiye anayeamua tofali ni ngapi. Huku Portland nina chumba cha kupanga ambacho mkataba wake unaisha kila Agosti. Ukinihoji kama yule mhakiki wa makasha, mwenye sehemu mbili hizi, nani atanitunzia ipi, nitaanza na mimi kutoa maelezo.

Jioni mama akalichukua lile boksi bila kuniuliza. Akalipangusa, akaliweka sebuleni juu ya kabati la vyombo, kati ya chupa ya chai na picha ya baba. "Unaficha ili watu wapate," alisema. "Si uwawekee tu hapa?" Tangu hapo kila aliyepiga hodi alionyeshwa. Mpwa wangu aliwafundisha sharti la kutwaa na kuacha. Hadi naondoka walikuwa wameandika watu 31, akiwemo shehe na muuza samaki, na ndani mlikuwa na kitufe cha koti, ubani, tiketi ya basi na punje za karafuu ambazo kwa sheria ya mchezo nadhani ni chakula. Tembo nilimwandikisha kwa namba yake, nikaeleza kwa mwenyewe kwamba kasha hili halimo kwenye ramani ila lina watu wengi. Akanijibu kwa furaha, na ombi moja: asikae sana, aendelee.

Wiki iliyopita nimepata ujumbe wa sauti. Mama anasema kuna kijana alikuja kusoma mita ya maji, akaandika jina, akachukua gololi, hakuacha kitu. Amemwambia arudi.

Nikampigia. "Shikamoo mama. Na tembo je?"

"Marahaba. Tembo kaenda Pangani na mtoto wa jirani, harusini."

"Atarudi lini?"

"Nitajuaje? Mwambie mwenyewe asiwe na wasiwasi. Yuko kwa watu."