Maua ya Oosterbeek

Tulipokuwa masomoni Uholanzi tulifika Oosterbeek, walikozikwa askari wa miamvuli waliokufa katika mapigano ya Arnhem, Septemba 1944. Tangu 1945, kila mwaka watoto wa shule huweka maua makaburini, kila mtoto na kaburi lake. Askari waliosalia walikuwa wakirudi, wakipokewa majumbani mwa wenyeji; walipozeeka, wana na wajukuu wakaja badala yao.

Tuliona aibu. Usharikani kwetu yupo mjane wa askari wa Vita vya Kagera. Tulimzika mumewe, tukaanua matanga, tusirudi tena.

Yoshua alisimamisha mawe kumi na mawili ili watoto waulize. Tuliporudi nyumbani tulipiga hodi kwa mama yule. Wajukuu wakauliza, "Babu mlimjua?" Tukaketi, mama akaanza kusimulia.