Lifti ya Mchina, Mlandizi hadi Maneromango

Mama yangu hunikumbusha jambo moja kila ninaposafiri kikazi: "Mwanangu, gari la mtu usiyemjua ni chumba cha mtu usiyemjua. Usiingie kabla hujaona mlango wa kutokea."

Maneno hayo yalikuwa kichwani mwangu asubuhi moja ya mwezi wa tano, masika yakielekea ukingoni, nikiwa nimesimama Mlandizi na begi mgongoni. Nilitoka Kibaha Maili Moja kwa daladala bila shida yoyote, maana Barabara ya Morogoro haikosi gari. Shida huanza unapoipa mgongo lami hiyo na kuelekea kusini, Mzenga, Maneromango na vijiji vya ndani vya Kisarawe. Nilikuwa nakwenda kuandika habari za kliniki ya watoto. Gari la abiria la asubuhi lilikuwa limeshaondoka, na dereva wa bodaboda alitaja bei iliyozidi posho yangu ya siku, akaongeza kwamba mvua ya jana imeharibu njia.

Mama mmoja muuza mihogo akanionea huruma. "Dada, subiri gari la Wachina. Wale huwa wanapita na hawana maneno."

Kwa watu wa njia ile, "Mchina" ni jina la kila mgeni mwenye kofia ngumu. Hata reli ya SGR, ambayo kipande chake cha Dar es Salaam hadi Morogoro kilijengwa na Yapi Merkezi ya Uturuki, wapo wanaoiita ya Wachina. Mturuki anapita Soga, watoto wanampungia mkono: "Mchina! Mchina!"

Huyu wangu, hata hivyo, alikuwa Mchina kweli. Alikuja na pikapu nyeupe ya milango minne, iliyojaa tope mpaka madirishani. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, chupa ya chai ya kijani iko pembeni yake. Akateremsha kioo.

"Wewe enda wapi?"

"Maneromango."

"Mimi enda Maneromango. Panda. Pesa hapana."

Kabla ya kupanda nilipiga picha namba ya gari mbele yake, nikamtumia mdogo wangu. Hakukasirika, alisubiri tu. Nikakaa kiti cha mbele, mkono karibu na kitasa.

Nimezoea kuona Wachina wakiwa wageni kwetu. Ndani ya gari lile mgeni nilikuwa mimi. Redio ilikuwa ya Kichina kutoka kwenye simu, maandishi yaliyoning'inia kwenye kioo yalikuwa ya Kichina, na akiba ya Kiswahili ya mwenyeji wangu ilikwisha ndani ya dakika tano: haraka, kesho, hapana shida, maji, fundi. Yangu ya Kichina ilikwisha mapema zaidi: ni hao, basi. Simu inayotafsiri ingetusaidia, lakini mtandao ulitukimbia mara tu tulipovuka reli.

Nikamuuliza kwa ishara amekaa Tanzania muda gani. Nilionyesha ardhi, nikamwonyesha yeye, nikahesabu vidole. Akafikiri, kisha akanyoosha dole gumba na kidole cha mwisho, vingine akavikunja, akautikisa mkono ule karibu na uso wake.

Msomaji, wewe unajua ishara hiyo kwetu ina maana gani. Nipigie. Nipe namba.

Moyo ukashuka. Nikalikumbatia begi, nikatazama nje. Pande zote ni mikorosho na vichaka, hakuna nyumba. Nikaanza kupanga nitashuka wapi na nitapiga kelele gani. Yeye akaona nimenyamaza. Akapunguza mwendo, akanyoosha kidole kwenye vumbi la dashibodi na kuandika: 6. Halafu akarudia ishara ile ile, dole gumba na kidole cha mwisho.

Kumbe Wachina huhesabu mpaka kumi kwa mkono mmoja, na hiyo ndiyo sita yao. Miaka sita. Nilicheka kwa aibu, naye akacheka bila kujua nilichokuwa nimekiwaza.

Kuanzia hapo tukawa na lugha. Akanionyesha picha ya msichana mwenye mikia miwili ya nywele, kisha akatoa dole gumba na kidole cha shahada kama mtoto anayecheza bastola. Akaandika: 8. Binti yake ana miaka minane. Nikafanya hesabu kimyakimya: miaka sita huku, mtoto ana minane.

Mzenga tulisimama anunue maji. Pale pana kituo cha TAZARA, na reli ile ndiyo iliyowaleta Wachina wa kwanza wengi kwenye misitu ya Kisarawe. Ujenzi ulianza 1970, na reli ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ikakabidhiwa 1976. Baadhi yao hawakurudi kwao. Wamezikwa kwenye makaburi ya wataalamu wa Kichina, upande wa Gongo la Mboto. Marehemu babu yangu, aliyekuwa kibarua wa reli hiyo, alikuwa akisema walikula pamoja na kubeba mataruma pamoja miaka mitatu, na mpaka wanaagana hakuna aliyeweza kutamka jina la mwenzake sawasawa.

Tulikuwa tumeiacha Mzenga nyuma kidogo tulipomwona mwanamke katikati ya barabara. Alikuwa hakupunga mkono, amesimama tu, mtoto amefunikwa kanga begani. Dereva akakanyaga breki.

"Mwanangu ana degedege," akasema mama yule. Mtoto alikuwa wa kiume, miaka miwili na nusu hivi. Macho yalikuwa yamegeuka, mwili umelegea baada ya kukakamaa, na joto lake nililisikia kabla sijamgusa. Homa ilikuwa na siku ya tatu. Baba alikuwa amekwenda kutafuta pikipiki tangu alfajiri.

Nikaanza kutafuta ishara ya homa, lakini dereva hakuisubiri. Alishaweka kiganja kwenye paji la uso wa mtoto. "Fashao," akasema. Baadaye nilijifunza kwamba ndilo neno lao la homa, na ndani yake mna neno la kuungua. Akamfungulia mama mlango wa nyuma, nami nikahamia huko. Tukamlaza mtoto kwa ubavu ili asipaliwe na mate, tukamvua sweta mbili alizovalishwa. Yule mtu aliyekuwa anaendesha polepole kwa kuogopa tope akaanza kuendesha kama baba.

Kituo cha afya tulikifikia mtoto akianza degedege la pili. Muuguzi alimpokea mlangoni. Kipimo cha haraka kilionyesha malaria, na kwa dalili zile ilikuwa malaria kali. Akaandaa sindano ya artesunate. Dereva alikuwa amesimama dirishani, kofia mkononi. Aliliona kasha la dawa juu ya meza, akaingiza mkono na kugusa neno moja lililoandikwa pembeni: China. Halafu akajigusa kifuani.

Alikuwa na haki ya kujigusa. Artesunate na dawa mseto tunayopewa sote zimetokana na mmea ambao tiba ya jadi ya Kichina imeutumia karne nyingi. Mtafiti Tu Youyou na wenzake ndio waliopata dawa ndani ya mmea huo miaka ya 1970, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

"Mmewahi," muuguzi akatuambia. Jioni mtoto alifungua macho na kuomba maji, kisha akapelekwa hospitali kwa uangalizi. Dereva alikuwa ameshaondoka. Mama wa mtoto alikuwa amefungua fundo la kanga na kumpa elfu mbili, naye akasema yale yale, "Pesa hapana." Nilimuuliza jina. Alilitaja mara mbili, nami, kama babu, sikuweza kulishika.

Nimeandika habari hii kwa shukrani, lakini kazi yangu hainiruhusu kuishia hapo. Lifti haiwezi kuwa mpango wa rufaa. Tunayo m-mama, ambayo ukipiga 115 bure inakutafutia usafiri, lakini imewekwa kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mtoto wa miaka miwili na nusu mwenye degedege anategemea nani apite barabarani. Kijiji kinaweza kukubaliana mapema ni pikipiki au gari la nani litaitwa usiku na litalipwaje. Na wewe mzazi, mtoto akiwa na homa, usisubiri siku ya tatu. Degedege si shetani. Mpeleke akapimwe siku ile ile.

Kwa dada zangu mnaoomba lifti, mama yangu bado yuko sahihi: safiri mchana, tuma namba ya gari kwa ndugu huku dereva akikuona, ulizia nauli kabla ya kupanda, kaa karibu na mlango. Dereva mwema hatachukia.

Mimi naendelea kuyafuata hayo yote. Nimeongeza jambo moja tu: nimejifunza kuhesabu mpaka kumi kwa mkono mmoja.