Kupima kwa Kompyuta Katika Chuo cha Ualimu

Mara nyingi walimu wenzangu wameeleza katika kurasa hizi habari za kazi yetu, nami nimefaidika nazo. Leo naomba nafasi kidogo niwasimulie jambo lililonipata katika kufundisha saikolojia ya elimu, ingawa si jambo la kunipa sifa.

Nafundisha katika chuo kimoja cha ualimu hapa Mwanza, mahali ambapo mtu akisimama mlangoni pa darasa huliona ziwa, na yale mawe makubwa yaliyopandana kana kwamba kuna mtu aliyeyapanga. Mimi nalilelewa katika shule za misheni tangu darasa la kwanza, na huko nalizoea mtihani wa kalamu na karatasi: mtoto hujibu, kisha hungoja. Nilipokuwa mwalimu wa walimu nikafanya vivyo hivyo. Wanachuo wangu ni zaidi ya 80. Nikiwapa maswali ya insha, huchukua majuma matatu kuyasahihisha, hata siku ya kuwarudishia karatasi zao, mwanachuo amekwisha kusahau aliwaza nini alipokuwa akiandika. Hutazama alama, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

Na katika siku hizo hizo nalikuwa nikisimama mbele yao na kuwafundisha ya kuwa mrejesho ukichelewa hupungua nguvu! Wala hakuna hata mmoja aliyenicheka, kwa adabu yao.

Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1920 mwalimu mmoja wa saikolojia huko Marekani, Sidney Pressey, alitengeneza mashine ndogo yenye vitufe vinne; mwanafunzi alisoma swali, akabonyeza kitufe cha jibu lake, na mashine ikahesabu. Tena iliweza kutengenezwa hivi kwamba isiende swali la pili mpaka jibu la kwanza limepatikana. Mwaka 1953 B. F. Skinner alikwenda kutazama darasa la hesabu la binti yake, akaona watoto wanafanya kazi bila kujua kama wamepata ama wamekosa mpaka baadaye; naye akashika njia ya kuunda mashine za kufundishia. Na hapa kwetu, katika mji wa Musoma, kwenye ufuo wa ziwa hili hili, Azimio la mwaka 1974 lilitaka uzito wa mtihani wa mwisho upunguzwe, na maendeleo ya mwanafunzi ya kila siku yahesabiwe. Maneno mazuri sana; lakini mwenye kuyatimiza ni mwalimu aliye na rundo la karatasi juu ya meza.

Basi nikaazimia kujaribu kompyuta. Chuoni tulikuwa na chumba chenye kompyuta 30, nyingine hazikuwa zikiwaka. Mwenzangu afundishaye masomo ya kompyuta akaweka programu ya Moodle katika moja iliyo kuu, akaziunganisha nyingine nayo kwa waya, hata hatukuhitaji intaneti. Mimi nikaandika maswali ya kuchagua, nikaandika pia chini ya kila jibu la kosa maneno machache ya kueleza kwa nini ni kosa. Kazi hii ya pili ni nzito kuliko kusahihisha insha, nasema kweli, maana yakupasa kukaa na kujiuliza, Je, mtu mwenye akili timamu angewezaje kulichagua jibu hili? Majibu ya kosa yaliyotungwa vizuri, ambayo sisi watahini huyaita vipotoshi, lazima yatoke katika mawazo ya watu, si katika upuzi.

Siku ya kwanza nalipata aibu upesi. Binti mmoja wa Ukara, ambaye darasani hujibu kwa ufasaha, alipata alama 9 katika 30. Nikamwita.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Kumetokea nini?"

Akatazama chini, kisha akasema, "Mwalimu, kile kipanya kilinikimbia. Nilipokishika mkononi, mshale ulikuwa unakwenda pengine. Muda umekwisha niko swali la kumi na moja."

Nikamketisha pale pale, nikamsomea maswali yote kwa mdomo. Akapata 26. Kwa miaka mingi nalikuwa nikifundisha uhalali wa kipimo, kwamba kipimo lazima kipime kile kilichokusudiwa, nikitoa mifano ya ratili na mizani. Sasa mfano ulikuwa mbele yangu: nalipima vidole, nikaandika kwamba nimepima akili. Nikamwomba ruhusa niwaeleze wenzake habari hii, akakubali, na somo la uhalali siku hiyo halikuhitaji ubao. Tangu hapo kila mwanachuo mgeni hupewa saa mbili za kuchezea kompyuta kabla ya kupimwa, nami nimeongeza muda wa jaribio.

Lakini jambo kubwa lilikuja katika jaribio la tatu.

Maswali kadhaa ya jaribio lile nalipewa na rafiki afundishaye chuo kingine, pamoja na majibu yake, nami niliyatia katika kompyuta bila kuyatazama sana. Swali moja lilisema hivi: Mtoto aliyechelewa shuleni amechapwa viboko viwili ili asichelewe tena, huu ni mfano wa nini? Kulikuwa na majibu manne: uimarishaji chanya, uimarishaji hasi, adhabu, na kufifia kwa tabia. Programu ile, baada ya jaribio, humpa mwalimu jedwali: katika kila swali, sehemu gani ya watu walipata, na kama waliopata ni wale wenye alama nyingi katika jaribio zima ama wenye alama chache. Katika swali hili zaidi ya nusu walichagua uimarishaji hasi. Na waliokosa zaidi ni wale wa juu kabisa, wanachuo wangu hodari wenye madaftari safi. Watoro na wasinziao ndio waliopata.

Nikasema, Kompyuta imekosea, au rafiki yangu ameandika jibu baya. Nikachukua kitabu nikihakikishe. Nikasoma mara mbili. Kisha nikafungua muhtasari wangu mwenyewe, ule niliokuwa nikiwasomea waandike mwaka baada ya mwaka, nikakuta katika mkono wangu: "Uimarishaji hasi, mfano: kiboko."

Wasomaji, nalikaa kimya kwa muda. Wale hodari walikosa kwa kuwa walinisikiliza. Katika karatasi za insha kosa hili halikuonekana kamwe, maana wao waliandika nilivyosema, nami nikatia alama ya kupata.

Tofauti yenyewe si ya maneno tu. Kuimarisha ni kuifanya tabia izidi. Uimarishaji hasi huizidisha kwa kuondoa karaha. Wakaao ufuoni wanawajua wale wadudu wadogo wanaoinuka juu ya ziwa kama moshi. Wakija, mama hufunga dirisha, karaha inakwisha. Mara ya pili atalifunga mapema zaidi. Kufunga dirisha kumeimarishwa. Adhabu ni kinyume: huletwa ili tabia ipungue. Na je, mtoto aliyechapwa, ni tabia gani inayoimarika ndani yake?

Niliporudi darasani nikakiri kosa langu, kisha nikawauliza swali hilo. Akasimama mwanachuo mmoja, mtu mzima kidogo, aliyewahi kuvua kabla ya kuja chuoni, akasema, "Mwalimu, mimi nilipochelewa na kuchapwa, siku ya pili nikichelewa sikwenda tena. Nalikwenda mwaloni kukaa na wanaoanika dagaa. Hofu ikaisha. Basi nikawa nakwenda mwaloni kila mara." Darasa likanyamaza. Aliyasema yote: kiboko hakikumfundisha kuwahi, bali kukimbia ndiko kulikoimarishwa, kwa sababu kukimbia kuliondoa hofu.

Mimi maneno yale yalinichoma kwa namna nyingine. Kabla ya kufundisha chuoni nalikuwa mwalimu katika shule moja ya msingi, na kulikuwa na mvulana wa darasa la tano aliyechelewa kila Jumatatu. Nalimchapa. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi 4, na anayechapa awe mwalimu mkuu, ama mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, tena iandikwe katika daftari. Mimi sikuwa na ruhusa yoyote ya maandishi. Baada ya miezi michache mvulana yule akaacha kuja, nasi tukaandika katika kitabu cha mahudhurio kwamba ni mtoro. Sikumtafuta. Nalidhani ni mtoto asiyependa shule, wala sikujiuliza Jumatatu palikuwa na nini nyumbani kwao.

Wako watakaosema kompyuta haiwezi kupima utu wa mwalimu, wala jinsi atakavyosema na mtoto anayelia. Ni kweli, nami sitaki kuacha insha wala kuwatazama wanachuo wakifundisha. Tena umeme hukatika, na siku moja ulikatika tukiwa katikati ya kazi, ikatulazimu kurudia juma lililofuata. Pia kuna hatari ya kutunga maswali mepesi kwa kuwa mepesi ndiyo rahisi kuyatunga. Lakini niwape habari moja ya faida. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, huko Marekani, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Wengine wakakisoma tena, wengine wakajipima kwa kukumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya juma moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kwa hiyo majaribio yetu madogo siku hizi ni ya kila juma, na mwanachuo aweza kuyarudia, alama zisihesabiwe.

Swali lile la kiboko sikulifuta. Nimeongeza jingine baada yake, la mtoto anayekwenda mwaloni badala ya shuleni, nikauliza ni nini kinachoimarisha kwenda kwake. Katika jaribio la juzi, kwa swali la kwanza bado wako 14 waliochagua uimarishaji hasi. Nimeyaandika majina yao, nao watakuja kwangu Alhamisi baada ya chakula cha mchana, mmoja mmoja, nisikie wanavyowaza. Muhtasari wa zamani nimeupiga mstari mwekundu pale penye kosa, nikaubandika ukutani ofisini kwangu, mahali watakapouona wakingoja.