Karani Mmoja, Daftari Moja

Programu ya simu ukiijaribia kwenye waifai ya chuo itakudanganya. Ipeleke Kibondo. (Nyie wa utani wa "mwisho wa reli", kwetu hata hiyo reli haifiki.) Mjomba wangu hununua maharage kati ya Kibondo na Kasulu, na kuna fundi alimtengenezea programu ya kurekodi kilo. Mtandao ukilegea, skrini inaganda. Ikizinduka, jumla imepungua. "Mjomba, nisaidie, wananiita mwizi," aliniambia. Na ukishaitwa mwizi wa mizani gulioni, msimu wako umekwisha.

Nikaufungua msimbo. Thredi mbili, zinazokwenda sambamba, zilikuwa zinaandika jumla ileile. Tuseme ni kilo 840. Moja inaisoma ili iongeze 60. Kabla haijaandika, nyingine nayo inasoma 840 ili iongeze 75. Ya kwanza inaandika 900, ya pili inafuta na kuweka 915. Ilitakiwa 975. Kilo 60 za mtu zimeyeyuka na hakuna aliyeiba.

Juu ya hiyo funksheni fundi alikuwa ameacha onyo: isiitwe kutoka thredi nyingine. Jamani, onyo si kitasa! Android yenyewe iliacha kubembeleza: programu iliyoandikwa kwa toleo la 3.0 la mwaka 2011, au la baada yake, ikiita mtandao kwenye thredi kuu inaangushwa palepale. Sababu ni kwamba thredi hiyo ndiyo inayoendesha kitanzi cha matukio, yaani inapokea miguso ya skrini mmoja baada ya mwingine. Mguso ukikaa sekunde 5 bila kushughulikiwa, unaletewa ujumbe kwamba programu haijibu. Fundi wetu alikikwepa kizuizi kwa kuifanya thredi kuu isubiri ile nyingine imalize na seva. Ndiyo maana iliganda.

Nilichofanya ni kuificha jumla kabisa. Kiolesura kimebaki na amri moja: tuma kilo. Kila kipimo kinaingia kwenye foleni, kitanzi kinachukua kimoja, kinajumlisha, ndipo kinafuata kingine. Vijana wabebe magunia wanavyotaka, kalamu anayo karani mmoja.

Rafiki yangu darasani anabisha kwamba kufuli ingetosha. Inamtosha asiyesahau kufunga. Mimi namwandikia atakayerithi msimbo huu, saa nane usiku, kesho yake ana mtihani.

Limebaki la betri: simu ikizimika kabla foleni haijaandikwa kwenye faili. Nalihangaikia wiki hii.