Ukicheza Mastermind, Hesabu Pini Zako Mara Mbili

Leo sina drama ya mtandaoni. Nina mchezo wa ubao, na nina kosa langu mwenyewe la kukiri. Lakini lazima nianze na mchezo, kwa sababu usipouelewa utaniuliza, "Sasa hiyo ndiyo imekunyima usingizi?"

Unaitwa Mastermind. Wangu niliupata Toi kwa mama mmoja anayeuza vitu vya watoto vya mitumba, mia mbili baada ya kubishana hadi tukacheka. Ubao wa plastiki wenye mashimo kibao, mfuko wa pini, na kasha lenye picha ya mzee mwenye ndevu amekaa kama bosi wa benki, huku mwanamke amesimama nyuma yake. Mimi nikadhani ni mchezo wa majasusi. Kumbe ni wa watu wawili kukaa mezani, mmoja akificha kitu na mwingine akikitafuta.

Unachezwa hivi. Mmoja ni mweka siri. Anachukua pini nne za rangi, anazipanga kwa mstari nyuma ya kikinga kidogo ili mwenzake asione. Rangi ziko sita: nyekundu, bluu, kijani, manjano, nyeupe na nyeusi. Unaweza kurudia rangi. Ukitaka zote nne ziwe nyekundu, ni wewe na roho yako. Mwenzako, mtafutaji, ana mistari 10 ya kujaribu. Kila mara anapanga pini zake nne, halafu mweka siri anamjibu kwa vipini vidogo pembeni. Kipini cheusi maana yake: kuna rangi moja hapo iko sahihi, na iko mahali pake. Cheupe: rangi iko, lakini umeiweka mahali pengine. Hakuna kipini: hakuna kitu.

Sasa utamu wenyewe ni kwamba jibu halikuonyeshi ni pini gani. Wale mliokesha na Wordle mwaka wa 2022 mnakumbuka kila herufi ilikuwa inapewa rangi yake, unaona kabisa hii iko sawa, hii songesha. Mastermind haikubembelezi hivyo. Inakwambia "mbili ziko mahali pake" na inanyamaza. Zipi? Hiyo ni kazi yako.

Mtafutaji akipata, au mistari ikiisha, mnabadilishana viti. Mweka siri anapewa pointi moja kwa kila mstari ambao mwenzake ametumia, na moja ya nyongeza kama mwenzake ameshindwa kabisa. Ndiyo maana mnakubaliana mapema idadi ya raundi, na iwe shufwa, ili kila mtu afiche mara sawa na mwenzake.

Huna ubao? Usijali. Kabla ya plastiki kulikuwa na mchezo wa karatasi na kalamu ambao Waingereza huuita fahali na ng'ombe. Kila mmoja anaandika nambari ya tarakimu nne zisizorudiwa, na mnakisia kwa zamu. Tarakimu iliyo mahali pake ni fahali, iliyo mahali pengine ni ng'ombe. Nimeshawahi kuucheza kwa matatu kutoka mjini hadi Rongai na jam ikawa fupi. Huu wa pini ulibuniwa na Mordecai Meirowitz, Mwisraeli aliyekuwa mtu wa posta na mawasiliano ya simu, mwaka wa 1970. Makampuni makubwa ya vichezeo yakamkatalia. Kampuni ndogo ya Uingereza, Invicta Plastics, ndiyo ikamkubalia, na mamilioni ya ubao yakauzwa.

Watu wengi huucheza vibaya, na nilikuwa mmoja wao. Unaanza kubahatisha ukitaka kupatia. Unaweka rangi nne unazozipenda, unaomba Mungu. Lakini kuna siri 1,296 zinazowezekana (sita mara sita mara sita mara sita), kwa hivyo kupatia mara ya kwanza ni kama kutafuta kadi yako ya SIM iliyopotea Muthurwa. Jaribio la kwanza ni swali, halina haja ya kuwa jibu. Mtaalamu wa kompyuta Donald Knuth alionyesha mwaka wa 1977 kwamba siri yoyote inaweza kupatikana kwa majaribio matano au chini ya hapo, na njia yake inaanza na jozi mbili: rangi moja mara mbili, nyingine mara mbili. Manjano, manjano, kijani, kijani. Inaonekana ni uvivu, lakini hata ukipata jibu baya zaidi kwa hapo, zile siri 1,296 zinabaki 256.

Baada ya hapo kanuni ni moja tu. Kabla hujaweka mstari mpya, jiulize: kama hii ndiyo siri yenyewe, je, majibu yote ya nyuma yangekuwa vile yalivyo? Kama hapana, toa mkono.

Mdogo wangu niliifundisha kanuni hiyo mara moja tu na akaishika. Hapo ndipo kosa langu linaanzia.

Ilikuwa likizo ya Aprili. Yuko Form 2, shule ya bweni, na alikuwa amekuja na ripoti ambayo mathe aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaenda jikoni bila kusema kitu. Hesabu: D. Mwalimu alikuwa ameandika maneno mawili ambayo sitayarudia hapa. Kijana alishinda siku tatu amelala akiangalia ukuta. Mimi nikajifanya mshauri, nikatoa ubao. Kwa siku mbili za kwanza alinichapa, nikachapa, tukawa tunapigiana kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Siku ya tatu niliweka siri hii: nyekundu, nyekundu, bluu, kijani.

Akaanza na jozi zake: manjano, manjano, kijani, kijani. Nikampa kipini kimoja cheusi, sahihi kabisa. Akakaa. Akakuna kichwa. Akaweka mstari wa pili: bluu, nyekundu, nyekundu, kijani.

Angalia vizuri hapo. Nyekundu ya pili iko mahali pake, kijani cha mwisho kiko mahali pake. Bluu iko lakini imewekwa mbele, na nyekundu ya tatu ni ile ya kwanza imekosea kiti. Mtoto alikuwa na rangi zote nne kwa mstari wa pili. Jibu sahihi ni vyeusi viwili na vyeupe viwili. Angepewa hilo jibu, siri zilizobaki zilikuwa tatu tu, na hata angechagua ipi kati ya hizo, angemaliza kufikia mstari wa nne.

Mimi nikampa vyeusi viwili na cheupe kimoja.

Haikuwa makusudi. Nilikuwa na simu mkononi, nimeona nyekundu moja, nimeihesabu, nikasahau kwamba ziko mbili. Hili ndilo kosa la kawaida zaidi kwa huu mchezo: rangi ikijirudia, macho yanakudanganya. Kila pini ya siri inalipia kipini kimoja tu, na kila pini ya jaribio inalipwa mara moja tu. Anza na vyeusi, vitoe pembeni akilini, halafu ndiyo utafute vyeupe kwa zile zilizobaki. Inachukua sekunde 10. Mimi sikuzitoa.

Sasa fikiria anavyoona yeye. Nimemwambia rangi moja kati ya zake si ya hapo. Kwa hivyo, kwa kufuata kanuni ileile niliyomfundisha, akaitupa siri ya kweli nje ya mlango, na kila alivyofikiri vizuri ndivyo alivyozidi kwenda mbali nayo. Mtu anayebahatisha ovyo angeweza kuigonga kwa bahati. Yeye hangeweza, kwa sababu alikuwa anafikiri.

Kufika mstari wa sita akasema, "Bro, hii haiwezekani. Kila nikiweka inagongana na ule wa pili."

Nikachungulia nyuma ya kikinga. Nikaangalia mstari wa pili. Nikaona.

Hapo ningesema tu, "Pole, nimekosea, tuanze upya." Maneno manne. Lakini mimi ndiye niliyemfundisha, mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye huwa nawaandikia nyinyi hapa jinsi ya kufikiri. Nikasema, "Fikiria vizuri."

Akafikiria vizuri mistari minne zaidi. Ya mwisho aliweka tu, bila hata kuangalia. Nikafungua kikinga kwa haraka, nikamwonyesha siri, na kabla hajaanza kulinganisha nikaanza kung'oa pini zote kama mtu anayesafisha meza. Yeye wala hakulinganisha. Aliinuka akasema, "Si nilikuambia mimi si mtu wa hesabu," akarudi kwa ukuta wake.

Hakucheza tena likizo hiyo yote. Nilimwita mara mbili, akasema kichwa kinauma.

Watu hudhani mweka siri kwa Mastermind amepumzika. Ati kazi yote ni ya anayetafuta. Huo ni uongo, na ndiyo sababu nimeandika hii post. Mtafutaji akikosea anapoteza mstari mmoja. Mweka siri akikosea, mwenzake anapoteza akili yake mwenyewe, kwa sababu hana mahali pengine pa kuangalia. Kila anachokijua kuhusu ile siri amekipata kwako.

Siku ya kurudi shule nilimsindikiza hadi steji na sanduku lake. Usiku huo nilikuwa nimechora ile mistari miwili kwa karatasi, na kando yake jibu nililompa na jibu nililopaswa kumpa. Nikampa tukiwa tunangoja gari ijae. Akaiangalia kwa muda. Anasoma haraka akitaka, huyu.

"Mstari wa pili?"

"Mstari wa pili."

"Na ulijua saa ngapi?"

Nilikuwa na uongo tayari, kusema ukweli. Nilikuwa nimeupanga njiani: ningesema jana. Nikamwambia, "Mstari wa sita."

Akakunja karatasi, akaiweka kwa mfuko wa shati, akapanda gari. Hakunipungia mkono.

Agosti akarudi. Siku ya pili akatoa ubao mwenyewe chini ya kitanda, na daftari. Akasema tukicheza, kila mstari na kila jibu vinaandikwa, na raundi ikiisha hakuna mtu anagusa pini hadi tusome mistari yote pamoja, mmoja mmoja, siri ikiwa wazi. Nikakubali. Sikuwa na sauti ya kukataa. Tangu hapo amenishika na makosa mawili mengine, yote ya rangi iliyorudiwa. Mimi nimemshika na moja. Ukikosea, raundi inafutwa na mwenzako anapata pointi tatu, hiyo ni sheria yake na sijui aliitoa wapi. Nawashauri muichukue hata kama hamna mtu wa kumwomba msamaha.

Kama mnataka kujua kuhusu hesabu, muhula huo alipata D+. Sitawadanganya kwamba ubao wa mia mbili umefanya muujiza. Mathe aliisoma ripoti akiwa amekaa, basi.

Vile vipini vyeupe karibu vyote vimepotea sasa, tunatumia vijiti vya meno vilivyokatwa. Yeye akiwa mweka siri huchukua muda mrefu sana kunijibu. Anainama nyuma ya kikinga, midomo inacheza, kidole kinagusa pini moja baada ya nyingine, anarudi mwanzo, anaanza tena. Zamani ningemwambia aharakishe. Siku hizi naweka simu uso chini na nangoja.