Miaka Inayofuata Baada ya Kilele

Temeke mchezaji huzeeshwa mapema. Kijana wa miaka 17 anang'ara kwenye ndondo pale Mwembe Yanga, mtaa mzima unamjua, jina lake linatajwa mpaka sokoni. Msimu unapita hajasajiliwa, au goti linamsumbua, na akifika miaka 22 vijiweni wanasema, "Yule kaisha." Nimekulia Tandika, na kauli hiyo nimeisikia ikitolewa juu ya vijana wengi ambao walikuwa hawajafika hata nusu ya uwezo wao. Huniuma kila ninapoisikia. Ndiyo iliyonifanya nifuatilie kwa makini maisha ya binti mmoja wa Thailand, anayecheza mchezo ambao wengi wetu huku hatujawahi kuujaribu: mpira wa vinyoya.

Anaitwa Ratchanok Intanon, alizaliwa mwaka 1995. Wazazi wake walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha vyakula vitamu vya Kithai, vile vinavyotengenezwa kwa viini vya mayai na shira. Kiwandani sufuria huchemka kutwa, na mtoto anayekimbia huku na huko anaweza kuungua wakati wowote. Mwenye kiwanda, Mama Kamala Thongkorn, alikuwa na viwanja vya mpira wa vinyoya karibu na hapo. Ili mtoto asikae karibu na moto, akapewa raketi. Alikuwa na miaka kama sita tu.

Mwaka 2009, akiwa na miaka 14, alitwaa ubingwa wa dunia wa vijana, akaurudia 2010 na 2011. Agosti 2013, mjini Guangzhou, akamshinda Mchina Li Xuerui, bingwa wa Olimpiki, mbele ya mashabiki wa China, na kuwa bingwa wa dunia wa wakubwa akiwa na miaka 18. Hakuna mchezaji wa mmoja mmoja aliyewahi kulitwaa taji hilo akiwa na umri mdogo kuliko huo.

Lakini mimi hunivutia zaidi miaka iliyofuata. Ubingwa ule wa dunia haukujirudia. Aprili 2016 alishika namba moja duniani. Agosti mwaka huohuo, kwenye Olimpiki ya Rio, akatolewa katika hatua ya 16 bora. Alikuwa ameishia robo fainali London 2012, akaishia robo fainali tena Tokyo, na Paris 2024 pia. Olimpiki nne, hakuna medali hata moja. Kwa hesabu za vijiweni, huyu aliisha zamani. Ila tazama: miaka 11 baada ya Guangzhou bado alikuwa miongoni mwa wanawake wanane bora wa Olimpiki, akipambana na mabinti waliokuwa watoto wadogo siku alipovikwa ubingwa.

Somo ninalolipata kwake ni gumu. Kufika kileleni kunataka kipaji na bahati ya kukutana na mtu kama Mama Kamala. Kubaki katika kazi yako baada ya kilele kunataka moyo wa namna nyingine: kuamka alfajiri kwenda mazoezini ukijua kwamba huenda siku yako kubwa imeshapita, na kufanya mazoezi hayo kwa bidii ileile.

Huku kwetu ninaye wa kumfananisha naye. Mwanasoka Mbwana Samatta, mzaliwa wa 1992, ni mtoto wa Mbagala. Alipitia African Lyon, timu iliyotokana na Mbagala Market, akaenda Simba, na mwaka 2011 TP Mazembe wakamchukua Lubumbashi. Alikaa kule karibu miaka mitano. Wengi tulimsahau, kisha Januari 2016 tukamwona Abuja akipokea tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Akaenda Genk, akatwaa ubingwa wa Ubelgiji 2019 na tuzo ya Kiatu cha Ebony, akaifunga Liverpool kwenye uwanja wao wa Anfield. Februari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, na Machi 1 akaifungia Aston Villa bao katika fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley.

Septemba mwaka huohuo alikuwa ameshapelekwa Fenerbahçe kwa mkopo. Nakumbuka maneno yaliyosemwa mitaani: kashindwa, England imemkataa, kaisha. Yeye hakuacha kazi. Alicheza Uturuki, akarudi Ubelgiji, akaenda Ugiriki na kuwa bingwa akiwa na PAOK mwaka 2024, kisha Ufaransa akiwa na Le Havre. Wembley ilikuwa siku moja. Kazi yake ni miaka yote hiyo, pamoja na ile ambayo hatukuitazama.

Alphonce Simbu wa Singida naye alipata shaba ya marathoni ya dunia London mwaka 2017. Ilimchukua miaka minane, yenye Olimpiki mbili zisizo na medali, hadi Septemba 2025 alipomshinda Mjerumani Amanal Petros jijini Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03 na kuipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Kama angewasikiliza waliosema muda wake umepita, asingekuwepo pale kwenye mstari kuzichukua sekunde hizo.

Haya hayawahusu wanamichezo peke yao. Mama aliyekuwa na duka kubwa la vitenge Tandika na sasa anapanga meza moja, watu humwita aliyefilisika. Mimi namheshimu, kwa sababu anajua bei, anajua wateja, na kila asubuhi meza yake iko wazi. Mwalimu ambaye darasa lake liliwahi kung'ara mkoani, na sasa anafundisha bila kutajwa na mtu, bado anafundisha. Mwanadamu apimwe kwa anavyofanya kazi yake leo.

Hata hivyo tusiwabebeshe vijana peke yao mzigo huu. Kudumu kuna gharama. Ratchanok alidumu kwa sababu alikuwa na ukumbi, kocha na watu wa kumtibu alipoumia. Samatta alikomaa Mazembe kwa sababu klabu ilimlipa na kumpa miaka. Kijana wa Temeke mwenye goti bovu na miaka 22 hana daktari wa michezo wala mshahara, na viwanja alivyochezea utotoni vinajengwa nyumba. Tukimwita aliyeisha, tunamtwisha lawama ambayo sehemu yake ni yetu.

Katika shule ya mpira wa vinyoya ya Banthongyord, iliyozaliwa kwenye kiwanda kile cha vitamu cha Mama Kamala, alikulia pia mvulana anayeitwa Kunlavut Vitidsarn. Mwaka 2023 akawa bingwa wa dunia, na Paris 2024 akaipatia Thailand medali yake ya kwanza ya Olimpiki katika mchezo huo, ya fedha. Medali aliyoikosa Ratchanok mara nne ikafika kwa mdogo wake wa shule, aliyekua akimwona dada huyu akiendelea kufanya kazi miaka yote ile. Ndiyo maana nawaomba wenzangu wa Temeke: wachezaji wetu wa zamani wapewe timu za watoto, wakae uwanjani, waonekane. Mtoto hujifunza kudumu kwa kumwona aliyedumu, na tukimfukuza huyo kwa maneno, anaondoka na kila anachokijua.